Kiti cha mkono au cha umeme, vitufe au skrini: fedha iende wapi unapochagua gari

Ukiweka matoleo mawili ya gari moja ubavu kwa ubavu, la bei ndogo na la bei kubwa, tofauti huonekana kwanza mahali pawili: kiti kinachosogezwa na mota, na skrini pana katikati ya dashibodi. Vyote viwili hupendeza gari likiwa limesimama. Ila kwa upande wa usalama havifanani hata kidogo, kwa sababu haviguswi wakati mmoja. Kiti hurekebishwa kabla ya kuondoka. Wipa, feni ya kuondoa ukungu, taa na sauti ya redio huguswa gari likiwa kwenye mwendo.

Kiti kikiwa kigumu kurekebisha, utapoteza nusu dakika hapo ulipoegesha. Wipa zikiwa ngumu kuwasha, nusu dakika hiyo utaipoteza barabarani, macho yakiwa ndani ya gari. Ndiyo maana ushauri wetu hauko katikati: ukilazimika kuchagua kimoja, chukua gari lenye kiti cha mkono na vitufe halisi, uache lenye kiti cha umeme na kila kitu kimefichwa ndani ya skrini. Zipo hali ambazo kiti cha umeme kinastahili bei yake, nazo tutazitaja.

Kipimo kinachovihusu viti vyote

Kiti kizuri ni kile kinachokufikisha kwenye mkao sahihi, kiwe na mota au kisiwe nayo. Kabla hujalinganisha jambo lingine, fanya jaribio hili katika kila gari, injini ikiwa imewashwa, gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa. Injini iwe imewashwa kwa sababu ikizimwa, pedali ya breki hukakamaa baada ya kukanyagwa mara mbili tatu na haishuki hadi mwisho wake. Utadhani umekaa umbali unaofaa, kumbe sivyo.

Anza na kimo. Pandisha kiti hadi uone barabara vizuri juu ya usukani na geji zote zisomeke ndani ya duara lake, lakini kati ya kichwa na paa ibaki nafasi ya ngumi moja. Kisha umbali: sukuma makalio hadi nyuma kabisa ya kiti, kanyaga breki hadi mwisho (kwa gari la gia za mkono, kanyaga klachi), na hapo goti liwe bado limejikunja kidogo. Mguu ulionyooka kama fimbo hupeleka nguvu yote ya mgongano wa mbele moja kwa moja kwenye nyonga, na pia hauwezi kukanyaga breki kwa nguvu zote. Kati ya ukingo wa mbele wa kiti na nyuma ya goti ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Kiti kirefu kuliko hapo hubana mishipa ya mguu, na dereva mfupi huishia kuteleza mbele bila kujua.

Mgongo wa kiti ulale kidogo tu, nyuzi 100 hadi 110 kutoka kwenye sehemu ya kukalia. Kipimo chake ni rahisi: mabega yakiwa yamegusa kiti, nyoosha mkono juu ya usukani, na kifundo cha mkono kitue juu ya duara la usukani. Kikitua kiganja tu, uko mbali. Kikipita na kufika katikati ya kigasha, uko karibu mno. Wapo wanaoulaza mgongo wa kiti kama kitanda kwa starehe, na hilo ni kosa kubwa kuliko linavyoonekana, maana gari likigonga, mwili huteleza chini ya mkanda, na mkanda uliopaswa kushika mifupa ya nyonga hushika tumbo laini.

Sasa pima kutoka mfupa wa kifua hadi katikati ya usukani. Iwe angalau sentimita 25. Mfuko wa hewa hufumuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, nao unahitaji nafasi hiyo ili ukukute ukiwa umeshajaa. Ukikukuta ungali unafumuka, wenyewe ndio utakaokuumiza. Dereva mfupi ambaye miguu yake inafika tu akiwa karibu zaidi ya hapo asikubali gari hilo mpaka ajaribu usukani. Usukani unaovutika na kusukumika, pamoja na kupanda na kushuka, ndio unaolitatua tatizo lake, na mota za kiti hazimsaidii chochote.

Kiegemeo cha kichwa hakikuwekwa kwa ajili ya kulalia. Kazi yake ni kuzuia shingo isipinde nyuma gari likigongwa kwa nyuma. Sehemu yake ya juu ifike usawa wa utosi, au angalau isiwe chini ya ncha za masikio, na nafasi kati yake na kisogo iwe ndogo, sentimita 5 hivi. Magari mengi huonekana barabarani viegemeo vikiwa vimeshushwa hadi chini, vikigusa shingo badala ya kichwa. Kikiwa hapo, huwa kama ukuta mfupi ambao kichwa kinapindukia juu yake. Mkanda upite juu ya mifupa ya nyonga na katikati ya bega, usikwaruze shingo, na kwa mama mjamzito sehemu ya chini ipite chini ya tumbo. Vioo vya pembeni na cha ndani virekebishwe mwisho, kwa sababu kila badiliko la kiti hubadilisha unachokiona ndani yake.

Gari lililokufikisha kwenye mkao huo limefaulu. Lililoshindwa liache, hata kiti chake kikiwa na vitufe kumi na viwili.

Njia 6, njia 8: hesabu inayodanganya

Matangazo husema kiti kina njia 6, 8 au 12. Kila mwelekeo huhesabiwa mara mbili: mbele na nyuma ni njia 2, juu na chini ni 2, kulaza na kusimamisha mgongo ni 2. Kwa hiyo kiti cha mkono chenye kimo ni cha njia 6 kamili, sawa na cha umeme cha njia 6. Njia 2 zinazofuata mara nyingi ni kuinamisha sehemu ya kukalia, na nyingine 2 au 4 ni za kuvimbisha mahali pa kiuno. Linganisha idadi ya njia kwanza, ndipo uulize kama zinasukumwa na mkono au mota. Kiti cha mkono cha njia 6 kinaufaa mwili kuliko cha umeme cha njia 4 kisicho na kimo.

Ukiwa na maumivu ya kiuno, njia za kiuno ndizo za kulipia. Zijaribu ukiwa umekaa dakika kumi, si moja. Uvimbe ukae usawa wa mkanda wa suruali. Ukiwa juu zaidi, husukuma mbavu na kukuacha umejikunja. Mto wa kuongeza nyuma ya mgongo hauwezi kuwa mbadala kamili, kwani hukusogeza mbele, hukupunguzia zile sentimita 25, na huongeza pengo kati ya kisogo na kiegemeo.

Kiti cha mkono: kinavyofanya kazi na kinavyoharibika

Chini ya ukingo wa mbele kuna fito ya chuma. Ukiiinua, ndoano za kufungia huachia kwenye reli mbili na kiti kinateleza. Ukiiachia, ndoano hurudi kwenye meno ya reli. Kosa linalotokea hapa ni moja na ni la hatari: reli moja hufunga, nyingine haifungi. Sababu huwa ni kitu kilichoviringika chini ya kiti, kama sarafu, kifuniko cha chupa, kijiwe, au zulia lililojikunja. Kiti huonekana kimetulia mpaka ufunge breki kwa nguvu, ndipo kinaporuka. Kwa hiyo kila ukimaliza kukisogeza, sikiliza mlio wa kufunga, kisha jisukume mbele na nyuma kwa mwili mzima. Kikicheza hata kidogo, kisogeze hatua moja tena.

Usiiinue fito hiyo gari likitembea, hata kwa mwendo wa kutambaa. Gari likiongeza kasi, kiti hukimbilia nyuma, miguu inaachana na pedali, na mkono kwa silika huvuta usukani ili kujishikilia. Gari linayumba kabla hujaelewa kilichotokea.

Mgongo wa kiti una aina mbili za urekebishaji, na hili wanunuzi wengi hawaliangalii. Aina ya kwanza ni wenzo wa kuvuta. Ni wa haraka, lakini huenda kwa hatua, na mara nyingi mkao unaoutaka uko kati ya hatua mbili. Pia ukiuvuta bila kuegemea, mgongo wa kiti hukurukia kwa nguvu za springi. Aina ya pili ni gurudumu la kuzungusha ubavuni. Ni la polepole, na katika magari yenye nafasi finyu mkono hubanwa kati ya kiti na mlango, ila hukupa nyuzi unayoitaka hasa na haliwezi kuachia ghafla. Kwa dereva mmoja anayesafiri masafa marefu, tungechagua gurudumu. Kwa gari linalobadilishwa madereva mara kwa mara, wenzo.

Zaidi ya hapo kiti cha mkono hakina la kukusumbua. Safisha reli kwa kifyonza vumbi, na kikikakamaa paka mafuta makavu ya kulainisha kidogo, siyo grisi nyingi inayokusanya mchanga.

Kiti cha umeme: faida halisi na gharama yake

Faida yake ya kweli kwanza. Kila mwelekeo huendeshwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota, na skrubu hiyo haiwezi kurudi nyuma kwa kusukumwa. Kwa hiyo kiti hakiruki hata siku moja, na hakuna reli iliyofunga nusu. Unaweza kukisogeza kwa milimita. Kwa mwenye vidole vyenye yabisi au bega bovu, kubonyeza swichi ni rahisi kuliko kuinua fito na kujisukuma kwa miguu. Na swichi zilizotengenezwa kwa umbo la kiti chenyewe, kipande kilicholala kwa sehemu ya kukalia na kilichosimama kwa mgongo, hueleweka kwa kupapasa tu.

Faida kubwa kuliko zote ni kumbukumbu. Gari likitumiwa na watu wawili wenye miili tofauti, kila mmoja hubonyeza namba yake na kiti, mara nyingi pamoja na vioo, hurudi mahali pake. Kuihifadhi ni kukaa sawasawa, kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, kisha namba 1 au 2 ndani ya sekunde chache. Bila kumbukumbu, mtu wa pili huona uvivu, huendesha kwa mkao wa mwenzake, na hapo kiti kizuri kinakuwa hakina maana. Basi kiti cha umeme bila kumbukumbu hakina sababu ya kulipiwa zaidi, isipokuwa kwa mwenye tatizo la mikono. Chenye kumbukumbu, kwa madereva wawili au zaidi, kinastahili. Ila kumbuka kwamba kumbukumbu mara nyingi haigusi kiegemeo cha kichwa wala kimo cha mkanda. Hivyo utaendelea kuvirekebisha kwa mkono.

Sasa gharama. Betri ikifa, kiti hubaki pale alipokiacha dereva wa mwisho, na kama alikuwa mfupi, mrefu hawezi kuingia. Betri ikitolewa, kumbukumbu inaweza kufutika. Fyuzi huungua, swichi huchakaa, nyaya chini ya kiti hubanwa na mizigo inayosukumwa huko. Katika viti vingi mota moja huzungusha reli zote mbili kwa kebo zinazopindika, na kebo moja ikichomoka, upande mmoja husogea na mwingine husimama, kiti kinakaa upogo. Ukinunua gari lililotumika, peleka kila mwelekeo kutoka mwisho hadi mwisho huku ukisikiliza. Mlio wa kukwaruza, kusitasita, au kiti kinachopinda kidogo ni dalili za kazi kubwa ya fundi inayokuja.

Mota nazo hazijui kilicho nyuma yao. Swichi katika magari mengi hufanya kazi hata ufunguo haujawashwa, na mtoto anaweza kujibana au kumbana mwenzake. Kiti kinachorudi nyuma chenyewe unapofungua mlango kinaweza kubana magoti ya aliyeketi nyuma au kusukuma kiti cha mtoto. Kizime kipengele hicho kama nyuma hukaa watu. Na ijapokuwa kiti cha umeme hakiruki, usikirekebishe ukiendesha. Umbali wa pedali hubadilika chini ya mguu wako huku ukifikiria swichi.

Jambo moja linavihusu viti vyote viwili. Plagi za manjano chini ya kiti ni za mifuko ya hewa na vikaza mkanda. Usizichomoe kwa kuzima gari tu; betri itenganishwe kwanza na isubiriwe kwa muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari, na kazi hiyo afanye anayeijua. Na kama ubavuni mwa kiti pameandikwa kuwa kuna mfuko wa hewa, kava la kawaida linalofunika mshono huo huuzuia kutoka. Tafuta kava lililotengenezwa kwa kiti hicho, au usiweke kabisa.

Kiti chenye joto tutakipita haraka: ni starehe, lakini kinaweza kumuunguza polepole mtu asiyehisi vizuri, kama mwenye kisukari kilichoathiri neva au aliyeumia uti wa mgongo.

Dashibodi: hapa ndipo pa kuwa mkali

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukitazama skrini kwa sekunde 2, umekwenda mita 44 bila kuona. Mwongozo wa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, uliotolewa mwaka 2013, unaweka mpaka hapo hapo: mtazamo mmoja usizidi sekunde 2, na kazi nzima isihitaji zaidi ya sekunde 12 za macho kuwa nje ya barabara. Utafiti wa magari 100 uliofanywa katika jimbo la Virginia na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa kutoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 huongeza hatari ya ajali, au kuikosa chupuchupu, angalau mara mbili.

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima jambo hili waziwazi. Madereva walipewa muda wa kulizoea kila gari, kisha wakiwa kwenye kilomita 110 kwa saa walifanya kazi nne za kawaida, miongoni mwake kuongeza joto na kuwasha kiondoa ukungu, kutafuta stesheni ya redio, na kupunguza mwanga wa dashibodi. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe, kazi zote zilichukua sekunde 10, mita 306 za barabara. Katika gari jipya lililoshika mkia, MG Marvel R, zilichukua sekunde 44.9, mita 1,372. Dacia Sandero, gari la bei nafuu, ilitumia sekunde 13.5.

Lakini usikimbilie kusema skrini zote ni mbaya. Volvo C40, ambayo vidhibiti vyake vingi vimo kwenye skrini, ilitumia sekunde 13.7 katika jaribio hilo hilo. Mpangilio wa menyu una uzito kuliko ukubwa wa kioo, na ndiyo sababu unapaswa kujaribu mwenyewe badala ya kuamini picha.

Kitufe hushinda kwa sababu tatu zinazofanya kazi pamoja. Kidole hukipata kwa kupapasa. Kinabonyea, hivyo mkono unajua kazi imefanyika bila macho kuthibitisha. Na kipo mahali pale pale leo na mwaka kesho. Kioo laini hakina hata moja kati ya hayo. Barabara ikiwa na mashimo, kidole hugonga alama ya jirani. Jua likipiga, alama hufifia. Kidole chenye maji au glavu hakitambuliwi. Programu ikisasishwa, kitufe ulichokizoea kinaweza kuwa kimehamia ukurasa mwingine.

Mfano mzuri ni ukungu kwenye kioo cha mbele. Kuuondoa huhitaji mambo manne kwa pamoja: hewa ielekezwe kwenye kioo, feni iongezwe, kiyoyozi kiwashwe kwa sababu kinakausha hewa, na mzunguko wa hewa ya ndani ufungwe ili hewa ya nje iingie. Kitufe cha alama ya kioo kilichopinda juu hufanya yote manne kwa mguso mmoja. (Alama ya mstatili ni ya kioo cha nyuma, zikichanganywa, unasubiri bure huku mbele kukizidi kufifia.) Gari lililozika mambo hayo manne ndani ya menyu linakutaka uguse mara nne huku huoni barabara, na huioni kwa sababu ya ukungu wenyewe.

Upo pia upande wa sheria. Mwaka 2020 mahakama kuu ya Karlsruhe, Ujerumani, ilithibitisha adhabu ya dereva wa Tesla aliyetoka nje ya barabara akirekebisha kasi ya wipa kwenye skrini wakati wa mvua: faini ya yuro 200 na mwezi mmoja bila kuendesha. Hoja ya kwamba skrini ilikuja na gari haikumwokoa. Kuanzia mwaka 2026, Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, linataka indiketa, taa za hatari, wipa, honi na simu ya dharura viwe na vidhibiti halisi ili gari lipate alama zote. Orodha hiyo ni fupi mno kwa maoni yetu, maana kiondoa ukungu hakimo, lakini ni mahali pa kuanzia.

Skrini moja inayobeba kila kitu ina udhaifu mwingine: ikizimika, vyote huzimika nayo. Mwaka 2021 Tesla iliita magari 134,951 ya Model S na Model X kwa sababu kumbukumbu ndogo ya kompyuta ya skrini ilichakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Pamoja na skrini vilipotea kamera ya nyuma na udhibiti wa kiondoa ukungu.

Aina zilizo kati ya kitufe na skrini

Vibao vya kugusa vya kuteleza, visivyobonyea, ndivyo tunavyovipinga kwa nguvu zaidi. Vina ubaya wa skrini bila faida yake, kwani haviwezi hata kukuonyesha maandishi. Golf ya kizazi cha 8 ya Volkswagen ilikuja na vibao vya joto visivyo na taa, giza likiingia havionekani. Toleo lililoboreshwa la mwaka 2024 liliviwekea taa na kurudisha vitufe vya kubonyea kwenye usukani. Ukinunua iliyotumika, angalia ni ya kabla au baada.

Duara la kuzungusha katikati ya viti, mtindo ambao BMW iliuingiza na mfumo wake wa iDrive mwaka 2001, ni njia nzuri ya kupita kwenye orodha ndefu. Mkono umetulia, na skrini inaweza kuwekwa juu, karibu na mstari wa macho. Bado utatazama, ila kwa mitazamo mifupi.

Amri za sauti zinafaa kwa anwani na simu. Hata hivyo utafiti uliofanywa mwaka 2015 na Chuo Kikuu cha Utah kwa ajili ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha kuwa akili inaweza kubaki imetawanyika hadi sekunde 27 baada ya amri kumalizika katika mifumo iliyokuwa migumu zaidi. Macho yako mbele, mawazo hayapo. Kwa wipa mvua ikimwagika, sauti haifai kabisa.

Hivi ndivyo tunavyozipanga:

| Kazi | Bora | Inavumilika | Kataa |
|---|---|---|---|
| Wipa na maji ya kioo | Wenzo wa kando ya usukani wenye kasi zote | Kitufe kwenye usukani kinachofungua chaguo papo hapo | Kasi ndani ya menyu |
| Ukungu wa mbele | Kitufe kimoja | Alama isiyohama ukingoni mwa skrini | Hatua 3 au zaidi |
| Taa za hatari | Pembe tatu nyekundu inayobonyea, peke yake | Hakuna | Kibao kilichochanganywa na vingine |
| Joto na feni | Swichi za kuzungusha | Mstari wa kudumu chini ya skrini | Kibao cha kuteleza kisicho na taa |
| Sauti ya redio | Ya kuzungusha, au kwenye usukani | Vitufe viwili vya kuongeza na kupunguza | Skrini pekee |
| Ramani na anwani | Skrini, gari limesimama | Amri ya sauti | Kuandika ukiendesha |

Taa kuu hazimo kwenye jedwali kwa sababu zina mtego wake. Magari mengi huwasha taa za mchana mbele na kuangaza dashibodi, huku nyuma kukiwa giza tupu. Dereva huona mwanga, hudhani amewasha, na wa nyuma hamwoni. Swichi ya kuzungusha inayoonyesha wazi iko wapi hupunguza kosa hilo. Swichi ikiwa na nafasi ya otomatiki, iache hapo, lakini kwenye mvua kubwa mchana washa mwenyewe, kwani kihisi hupima mwanga na huenda kisione sababu.

Jaribio la dakika tano kabla ya kulipa

Egesha, injini ikiwa imewashwa, mkao wako ukiwa umeshapimwa kama tulivyoeleza. Kodolea macho kitu kimoja mbali mbele na usiyatoe hapo. Mwenzako ataje kazi moja moja bila mpangilio: wipa kasi ya juu, ukungu, taa za hatari, joto digrii 2 juu, sauti chini, feni chini. Ahesabu mara ulizotoa macho. Rudia mara tatu, maana gari geni husamehewa mara ya kwanza. Mara ya tatu, kazi yoyote ambayo bado inahitaji mtazamo zaidi ya mmoja itakuwa hivyo miaka yote utakayokuwa nalo.

Zima gari, liwashe, na ubonyeze kiondoa ukungu mara moja. Baadhi ya skrini huchukua muda kuamka, na kama kiondoa ukungu kinasubiri skrini, asubuhi za baridi nawe utasubiri. Angalia pia indiketa iko upande gani wa usukani. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huiweka kulia na ya Ulaya kushoto; anayeendesha yote mawili atawasha wipa akikata kona, na si jambo la kupuuza wakati wa kuongeza gari la pili nyumbani.

Ikiwa gari la skrini tayari ni lako, kuna nafuu. Mara nyingi kitufe chenye nyota au kisicho na alama kwenye usukani kinaweza kupewa kazi unayoichagua: kipe ukungu, si redio. Panga upau wa njia za mkato uwe na joto na kiti, uondoe programu za muziki. Acha wipa kwenye otomatiki ili uziguse mara chache. Weka stesheni na anwani kabla ya kutoa breki ya mkono. Na ukikuta jambo linalohitaji menyu mbili ukiwa njiani, toka barabarani, simama, lifanye, kisha uendelee.